Pengo la kuaminika si kushuka umaarufu

Kila rais anapoporomoka kwenye kura za maoni wakati wa vita, wachambuzi wetu wa redioni wanaukimbilia msemo huu: "pengo la kuaminika". Vita havipendwi, rais hapendwi, basi pengo lipo. Hapana jamani. Hilo lina jina lake la kila siku: kashuka umaarufu.

Maana yenyewe ni fupi. Pengo la kuaminika ni umbali kati ya kile serikali inachowaambia wananchi na kile wananchi wanachokiona wenyewe, au wanachokuja kukigundua. Halisemi kama rais anapendwa, wala kama vita ni vya haki, wala kama jeshi linashindwa.

Msemo wenyewe ulishika kasi Marekani, na una kejeli ndani yake. Katika kampeni za urais za 1960, John F. Kennedy aliwatia watu hofu kwa "pengo la makombora", yaani kwamba Wasovieti wameiacha Marekani nyuma kwa makombora ya masafa marefu. Pengo kweli lilikuwepo, ila waliokuwa mbele ni Wamarekani! Neno likabaki midomoni mwa wanasiasa na waandishi, na Mei 1965 gazeti la New York Herald Tribune likaigeuzia serikali yenyewe, katika kichwa cha makala ya mwandishi David Wise kuhusu Rais Lyndon Johnson na maneno yake.

Hebu itazameni hiyo tarehe. Mei 1965 Lyndon Johnson hakuwa rais wa kuchukiwa hata kidogo. Novemba iliyotangulia alikuwa ameshinda uchaguzi kwa asilimia 61 ya kura, na Gallup, wale wapima maoni ya wananchi, bado walikuwa wakimpa zaidi ya asilimia 60. Kama pengo maana yake ni kutopendwa, waandishi wa Washington walikuwa wakizungumzia nini?

Walikuwa wakizungumzia mambo kama haya. Oktoba 1964, akiwa Akron, Ohio, Johnson aliwaahidi wapiga kura kwamba hatapeleka vijana wa Kimarekani ng'ambo ya dunia wakafanye kazi ambayo vijana wa Asia wanapaswa kuifanya wenyewe. Machi 8, 1965 wanamaji wa kwanza wa vikosi vya mapigano, wapatao 3,500, wakashuka Da Nang, Vietnam Kusini. Wananchi wakaambiwa hao wamekwenda kulinda uwanja wa ndege tu. Aprili, kwa waraka wa siri, rais akaidhinisha watoke nje ya uwanja wakapigane, na waraka huohuo ukaagiza kwamba jambo hilo lisitangazwe mapema na lisionekane kama sera imebadilika ghafla. Juni 8 msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, alipobanwa na waandishi, akakiri kwamba wanajeshi wanaweza kuingia vitani. Kesho yake Ikulu ikatoa tamko: majukumu ya vikosi hivyo hayajabadilika "katika siku au wiki za karibuni".

Lisome tena tamko hilo. Mabadiliko yalifanyika Aprili, na tamko ni la Juni. Aliyeliandika aliyapima maneno yake vizuri kabisa, na kila neno unaweza kulitetea mbele ya hakimu. Pengo huchimbwa hivyo, mara nyingi bila uongo wa wazi, kwa ukweli uliokatwa kwa mkasi.

Kule Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, waandishi waliuita mkutano wa kila jioni wa maofisa wa Marekani "vichekesho vya saa kumi na moja". Walisomewa idadi ya maadui waliouawa, kisha wengine wakarudi vijijini walikotoka asubuhi, wakakuta mambo mengine kabisa. Washington nako utani ukaenea: Johnson akivuta sikio anasema kweli, akikuna kidevu anasema kweli, akifungua mdomo ndipo anadanganya. Mwenyewe hakujisaidia. Mwaka 1966 aliwaambia wanajeshi huko Korea kwamba babu wa babu yake alikufa Alamo, kwenye yale mapigano mashuhuri ya Texas ya 1836, na haikuwa kweli.

Kinachoniudhi zaidi ni kudhani kwamba pengo lilikuwa la wapinga vita peke yao. Wapo waliotaka Vietnam ipigwe mara mbili zaidi, na wao pia hawakumwamini Johnson. Waliona anawaficha ukubwa wa vita na gharama zake. Kinyume chake ni Harry Truman, rais wa wakati wa vita vya Korea. Februari 1952, vita hivyo vikiwa vimekwama, Gallup walimkuta na asilimia 22, chini kuliko alivyowahi kufika Johnson. Lakini kilichowachosha watu hasa ni vita visivyoisha, kufukuzwa kwa Jenerali MacArthur, kamanda wa vita hivyo, na kashfa za rushwa. Hapo kuna chuki tele, ila pengo si jina lake.

Na kuna kitu cha tatu kinachoingizwa kwenye kapu hilohilo: imani kwa serikali kwa jumla. Mwaka 1964 Wamarekani 77 katika kila 100 walisema wanaiamini serikali ya Washington kutenda lililo sawa karibu siku zote au mara nyingi. Mwaka 1974 walibaki 36. Katikati hapo kulikuwa na Johnson, kisha Rais Nixon aliyeanza kuipiga Kambodia mabomu kwa siri mwaka 1969, kisha nyaraka za Pentagon za 1971, yaani siri za wizara ya ulinzi kuhusu Vietnam zilizovujishwa magazetini, kisha Watergate, kashfa iliyomng'oa Nixon. Imani ndiyo iliyoliwa, na pengo ni mojawapo ya vilivyoila.

Kwa hiyo, ndugu mchambuzi, Johnson alipofika asilimia 36 mwezi Machi 1968, sema ameshuka umaarufu, tutakuelewa. Ukitaka kutuonyesha pengo, hiyo asilimia weka kando. Tusomee tamko la Juni 9, 1965, halafu tusomee waraka wa Aprili.