Kifua Kikivimba Haina Maana Upasuaji Umeharibika

Kijana mmoja wa hapa Mwanza, aliyezaliwa na mwili wa kike na sasa anaishi kama mwanamume, alirudi kutoka nje ya nchi wiki ya tano baada ya kuondolewa matiti. Aliniita chumbani, akafungua vifungo vya shati. "Kaka, tazama. Kushoto kumejaa, na huku kwapani kuna kinundu. Wameniharibu."

Hawakumharibu. Wengi hudhani mshono ukishakauka, umbo unaloliona ndilo la mwisho. Sivyo. Uvimbe mwingi hupungua wiki za mwanzo, lakini unaobaki huisha polepole kwa miezi, na pande mbili haziponi kwa mwendo mmoja. Umbo lenyewe hutulia kati ya miezi 6 na 12, na makovu huendelea kufifia hata baadaye.

Kile kinundu mara nyingi ni ngozi na mafuta yaliyojikunja mwishoni mwa mshono. Vingine hulala vyenyewe. Visipolala, hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, miezi hiyo ikishapita. Tena mpasuaji huacha mafuta kidogo makusudi, kifua kisibonyee.

Nilimsihi aache kubeba ndoo za dagaa pale mwaloni Kirumba mpaka daktari wake amruhusu. Na hili nalisema kwa uzito: upande mmoja ukivimba ghafla, ukiwa wa moto au ukitoa usaha, au ukipata homa, usisubiri miezi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.