Janmashtami: kuzaliwa kwa Krishna, kutoka Mathura hadi Kisutu ya Dar es Salaam

Janmashtami ni sikukuu ya Wahindu ya kuadhimisha kuzaliwa kwa Krishna, ambaye wengi wao humwamini kuwa ni mungu Vishnu aliyeshuka duniani kwa mara ya nane. Huadhimishwa siku ya nane tangu mwezi mpevu uanze kupungua, na kwa kalenda yetu huangukia Agosti au Septemba. Lakini mtu wa Mathura kaskazini mwa India, wa Mumbai magharibi na wa Chennai kusini wakikusimulia wanayoyafanya, utadhani wanazungumzia sikukuu tatu. Hadithi ni moja. Kila upande umeshika kipande chake.

Hadithi yenyewe ni hii. Kamsa, mfalme dhalimu wa Mathura, alitabiriwa kwamba mtoto wa nane wa dada yake Devaki ndiye atakayemuua. Akamfunga Devaki na mumewe Vasudeva gerezani, akawaua watoto wao sita. Wa saba aliokolewa kwa muujiza. Krishna, wa nane, akazaliwa usiku wa manane. Walinzi wakapitiwa na usingizi, milango ikafunguka, na Vasudeva akamweka mtoto kikapuni, akauvuka mto Yamuna uliofurika hadi kijiji cha Gokul, akamwacha mikononi mwa Nanda na Yashoda, watu wa ng'ombe. Huko akakulia, mtoto mtundu aliyeiba siagi na mtindi kwa majirani, mpiga filimbi aliyependwa na kijiji kizima. Mwishowe alirudi akamuua mjomba wake, na baadaye akaenda kutawala Dwarka, pwani ya magharibi.

Mathura na mji jirani wa Vrindavan wameshika usiku ule wa gerezani. Watu hufunga mchana kutwa, wengine bila hata maji, na saa sita ya usiku ikigonga, kengele na makombe ya baharini ya kupuliza hulia kila hekalu. Sanamu ndogo ya Krishna mchanga huogeshwa kwa mchanganyiko wa maziwa, mtindi, samli, asali na sukari, huvishwa nguo mpya, kisha hulazwa kwenye bembea, na kila mmoja hungoja zamu yake ya kuivuta kamba. Katika nyumba nyingi za kaskazini hutafutwa tango lenye kikonyo chake, na usiku wa manane kikonyo hicho hukatwa, ishara ya kukata kitovu cha mtoto. Mimi hapa ndipo ninapoona sikukuu hii ilivyo ya nyumbani: Mungu amezaliwa, na kinachofanyika ni yale yale ambayo mkunga angeyafanya. Hata chakula cha kufungulia hufuata mkondo huo. Nafaka hazitumiki, kwa hiyo hutengenezwa panjiri ya mbegu za giligilani zilizosagwa, zikakaangwa kwa samli na kutiwa sukari. Hekalu la Banke Bihari la Vrindavan, ambalo mwaka mzima halifanyi ibada ya alfajiri ili mtoto asikatizwe usingizi, huifanya mara moja tu kwa mwaka, nayo ni usiku huu. Kesho yake ni furaha ya Nanda kupata mwana: Gokul watu hurushiana mtindi na manjano, na peremende hugawiwa.

Maharashtra, jimbo la Mumbai, wao wamemchukua yule mwizi wa siagi. Yashoda na wenzake, yasema hadithi, walitundika vyungu juu ili visifikiwe, naye Krishna akapanda mabegani mwa rafiki zake. Ndiyo asili ya Dahi Handi, yaani chungu cha mtindi. Siku inayofuata usiku wa kuzaliwa, chungu chenye mtindi hutundikwa kwa kamba juu ya barabara, na vikundi vya vijana wanaoitwa Govinda huzunguka mitaa ya Mumbai na Thane wakijenga mnara wa watu ili wa juu kabisa akivunje. Walio chini ni wenye vifua vipana. Anayefika juu ni mwepesi, mara nyingi mtoto. Watazamaji huwamwagia maji kutoka ghorofani. Mwaka 2012 kikundi kimoja kilifikisha ngazi 9 huko Thane, zaidi ya mita 13 kutoka ardhini. Wanasiasa na wafadhili waliingia na zawadi nono za fedha, na zawadi zikapandisha minara. Watu wakaanguka, wengine wakafa. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Bombay, jina la zamani la Mumbai, ilikataza walio chini ya miaka 18 na mnara uliozidi futi 20, na Mahakama ya Juu ya India ikakubaliana nayo mwaka 2016. Mwaka uliofuata masharti yakalegezwa: kikomo cha urefu kikaondolewa, umri wa chini ukashushwa hadi miaka 14. Nadhani kikomo cha urefu hakikustahili kuondolewa. Chungu kilichotundikwa futi 20 kinawatosha kabisa kuukumbuka mchezo wa watoto wa Gokul.

Gujarat humshika Krishna mfalme wa Dwarka, na hekalu la Dwarkadhish hujaa mahujaji. Ila majumbani sherehe huanza siku mbili kabla. Siku ya sita wanawake hupika hadi usiku, kwa kuwa siku ya saba jiko haliwashwi: huliwa chakula baridi kwa heshima ya Shitala, mungu wa kike aliyekuwa akiombwa awakinge watoto na ndui. Siku ya nane ni kufunga hadi usiku wa manane. Rajkot huwa na maonyesho makubwa ya siku kadhaa, na rasi yote ya Kathiawar, ulipo mji huo, husimamisha kazi.

Kusini, Tamil Nadu, hakuna mnara wala vurugu. Mama wa nyumba huchovya mkono katika unga wa mchele uliolowekwa na kuchora nyayo ndogo za mtoto, kuanzia kizingitini hadi chumba cha ibada, maana Krishna anaingia nyumbani akitambaa na kutembea. Huko ndani anawekewa siagi, seedai (vidonge vya unga wa mchele vilivyokaangwa) na murukku, ndugu wa ile chakri tunayoijua sisi. Kati ya namna zote, hii ndiyo ninayoipenda zaidi. Haihitaji hata senti ya mfadhili. Udupi, Karnataka, siku ya pili gari la hekalu huzungushwa, vyungu huvunjwa, na wachezaji waliojipaka rangi za chui milia hucheza mitaani. Nepal watu hukusanyika kwenye hekalu la mawe la Patan lililojengwa 1637. Fiji, wajukuu wa vibarua waliopelekwa huko tangu 1879 husherehekea usiku nane mfululizo.

Kalenda nayo ina mambo yake. Kaskazini watakwambia Krishna alizaliwa mwezi wa Bhadrapada, Gujarat watasema Shravana, na wote wanazungumzia usiku ule ule: kaskazini mwezi wa kalenda huanza baada ya mwezi mpevu, Gujarat baada ya mwezi kuandama. Kerala, jimbo la kusini, hufuata mwezi unaohesabiwa kwa jua na siku ya nyota ya Rohini, ndiyo maana mwaka 2025 kaskazini walisherehekea 16 Agosti, na Kerala 14 Septemba.

Kwetu Afrika Mashariki namna ya Gujarat ndiyo iliyotawala, kwa sababu Wahindu wengi wa hapa asili yao ni Kutch na Kathiawar, pande mbili za Gujarat. Wafanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kutch, ambao kampuni ya Jairam Shivji miongoni mwao iliikodi forodha ya Zanzibar zama za Seyyid Said, ni wa madhehebu ya Vallabha, yanayomtunza Krishna kama mtoto wa nyumba: anaamshwa, analishwa, analazwa. Kwao usiku huu ndio kilele cha mwaka. Na Waasia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, wengi walikwenda na sikukuu hii Uingereza, ambako hekalu la Bhaktivedanta Manor karibu na Watford hupokea makumi ya maelfu ya watu kila Janmashtami.

Ukialikwa kwenye hekalu, iwe Kisutu au Nairobi, vua viatu mlangoni na ujue kwamba chakula huja baada ya saa sita ya usiku. Salamu ni Jai Shri Krishna. Bembea ikishaanza kuvutwa, nawe utapewa kamba.