Keki kwa tarehe, pwani kwa mwezi

Mjukuu wangu wa nne alitimiza miaka 6 tarehe 12 Agosti 2024. Mama yake, yaani mwanangu, alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyohiyo akitoka shule tutashuka pwani kutafuta kiti cha pweza, yule mnyama wa mikono mitano anayelala mchangani kama nyota. Keki tayari, chupa ya chai tayari, mkate wa kumimina nimeupika mwenyewe. Saa kumi jioni tukafika Kigombe, kusini ya Tanga mjini, tukakuta maji yamesimama kwenye mizizi ya mikoko. Tukangoja. Hatukuwa na cha kungojea, kwa sababu yalikuwa yameshakupwa. Huo ndio ulikuwa mwisho wake siku ile. Mtoto akasimama na ndoo yake tupu, akaniuliza, "Bibi, mbona bahari haiondoki?"

Mimi nilijua tangu asubuhi. Nimefanya kazi ya ugani wa uvuvi pwani hii miaka 31 kabla sijastaafu, na usiku uliotangulia nilikuwa nimeutazama mwezi, umefika nusu. Nilinyamaza kwa sababu mwanangu alishikilia tarehe, nami sikupenda kuvunja ahadi ya mama mbele ya mwanawe. Swali lile limenikaa moyoni. Ndiyo maana naandika haya, kwa bibi na babu wenzangu mnaopanga kuwatoa wajukuu pwani.

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Ni kweli, kila siku mara mbili. Lakini methali haisemi yatakupwa mpaka wapi, na hilo ndilo mtoto mwenye ndoo anataka kujua.

Siku ya kuzaliwa inafuata jua, maji yanafuata mwezi. Miezi 12 ya mwandamo ina siku kama 354, mwaka wa kalenda ya ukutani una 365. Pengo ni siku 11. Ndilo linalofanya Ramadhani irudi nyuma kila mwaka, na ndilo linalofanya tarehe ya mtoto ikutane na mwezi tofauti kila mwaka. Tarehe 12 Agosti 2024 mwezi ulikuwa robo ya kwanza. Mwaka uliofuata, tarehe hiyohiyo, ulikuwa umeshapita mpevu kwa siku tatu. Tarehe moja, mtoto mmoja, bahari mbili.

Kwa nini mwezi nusu unatupa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, na mwezi mpevu au mwezi giza unatupa bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa mbali? Wajukuu niliwaonyesha kwa khanga. Niliitandaza mchangani, nikawaambia wawili washike pande mbili zinazotazamana wavute. Khanga ikanyooka, ndefu. Hapo, nikawaambia, ndipo mwezi na jua wamekaa mstari mmoja na dunia, wanayavuta maji pamoja. Yanajaa sana na kukupwa sana. Kisha nikaongeza wawili wengine, wadogo kidogo, washike ubavuni nao wavute. Khanga ikapungua urefu, ikapanuka. Huo ni mwezi nusu: mwezi anavuta huku, jua anavuta kule, na ingawa nguvu ya jua haifiki hata nusu ya nguvu ya mwezi kwenye kazi hii, inatosha kuyapunguzia maji mwendo. Hapa kwetu, siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu ni kama mita 1 tu, na mwamba wote unabaki umefunikwa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa sasa hawalijui, ingawa wanawake wanaokwenda kuchokoa pweza wanalijua bila kuangalia saa. Pwani yetu hii, bamvua hukupwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Maji mafu hukupwa saa kumi hivi, jioni na alfajiri. Kila siku inayopita, saa ya kukupwa inasogea mbele, kwa wastani dakika 50, kwa sababu mwezi wenyewe unasogea katika njia yake na dunia inabidi izunguke zaidi kidogo kuufikia tena. Kwa hiyo ukiijua siku ya mwandamo, umeijua pwani. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, panga asubuhi. Siku mbili tatu baadaye bado ni bamvua, bali inakaribia mchana, na jua linakuwa kali kwa watoto. Ukiona mwezi nusu, wapeleke mahali pengine. Sisi hapo huenda Mapango ya Amboni, au tunabaki uani na keki yetu.

Baada ya ile siku ya ndoo tupu, mimi na mwanangu tulikaa tukakubaliana: keki tutaikata kwa tarehe, pwani tutaifuata kwa mwezi.

Mwaka 2025 mwezi mpevu uliangukia tarehe 9 Agosti, Jumamosi, siku tatu kabla ya tarehe yake. Saa mbili na nusu asubuhi tulikuwa tumeshafika, kila mtoto na yeboyebo miguuni. Agosti ni kusi; upepo unaamka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo asubuhi ndiyo yenye utulivu. Tukayafuata maji yanavyotoka, hatua kwa hatua, kama unavyomfuata mtu anayefagia. Kwanza mchanga, kisha majani ya baharini yamelala yote upande mmoja, kisha mwamba. Viti vya pweza aliviona kumi na kimoja. Alihesabu kwa sauti, na kila kimoja alikigusa kwa kidole kimoja tu, kama nilivyomfundisha, bila kukitoa majini.

Halafu akaona tundu kwenye mwamba, na mbele yake rundo la maganda: kaa, kombe, vipande vya chaza, vyote vitupu. Nikamwambia achuchumae, hilo ni jalala la pweza. Pweza anakula ndani na kutupa nje. Tukatulia. Baada ya muda tukaona jicho, na ngozi kando ya jicho ikibadilika kutoka hudhurungi kuwa rangi ya mwamba wenyewe. Nikamweleza kwamba ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu, kwa sababu ndani yake kuna shaba pale ambapo yetu ina chuma. Nikamweleza pia kwamba jike akishataga hujifungia tunduni na mayai yake, akiyapepea maji safi, hali chochote, na yakianguliwa yeye hufa.

Mume wangu (ndivyo ninavyomwita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu) alinyamaza kitambo. "Kwa hiyo pweza hana bibi?"

"Hana. Hata mama yake hamjui."

Alifungua ndoo, akatoa gamba la kaa aliloliokota njiani, akaliweka taratibu mlangoni pa lile tundu. Kisha akanishika mkono.

Sasa niseme ya usalama, na hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu nimeona watoto wakitolewa majini. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kukupwa huingia kidogo sana, watu wakadhani muda upo. Katika saa ya tatu na ya nne huingia nusu ya maji yote. Siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita 1 na nusu ndani ya saa mbili. Inamzidi kimo mtoto wa miaka minane. Tena mara nyingi kati ya mwamba na ufukwe kuna bonde la mchanga, na bonde hilo hujaa nyuma ya mgongo wako kabla hujaona chochote mbele. Fika mwambani saa moja na nusu kabla ya kukupwa. Maji yakisimama, geuka. Usingoje yaanze kurudi.

Wafundishe kuburura miguu kwenye maji ya magoti, wasiinue na kukanyaga. Samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, naye akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe. Akikanyagwa huchoma kwa mwiba wa mkiani. Kwenye mwamba kuna samaki anayefanana na jiwe kabisa, mwenye miiba ya sumu mgongoni, ndiyo maana nasisitiza viatu. Mtoto akichomwa na mmoja wa hao, mtie mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, jaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe, huku mnatafuta gari la hospitali. Joto huidhoofisha sumu yao. Chupa yangu ya pili ya maji ya moto si ya chai. Na kombe lolote lenye umbo la pia ya kuchezea, lenye madoa mazuri, lisiokotwe na mtoto wala mtu mzima. Yako yanayochoma, na sumu yake inaweza kuua, haina dawa ya kuiondoa.

Mjukuu wangu wa kwanza ni msichana, alizaliwa 14 Machi 2006, mwezi mpevu. Alipotimiza miaka 19, tarehe 14 Machi 2025, mwezi ulikuwa mpevu tena. Haikuwa bahati. Miaka 19 ya jua na miezi 235 ya mwandamo zinapishana kwa saa chache tu. Meton wa Athens aliijua hesabu hiyo karne ya 5 kabla ya Kristo. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Wenzake walitaka kummwagia ndoo za maji uani kama desturi ya vijana wa sasa, nikawaambia waje naye pwani, maji yako huko. Tulifuturu, wakaswali tarawehe, na kwenye saa nne usiku tukashuka. Maji yalikuwa yametoka mbali, mwezi juu, mchanga mweupe kiasi kwamba hatukuwasha tochi. Nikamwonyesha: hivi ndivyo pwani ilivyokuwa usiku uliozaliwa. Alivua viatu, akatembea peke yake mpaka ukingo wa maji, akakaa huko muda mrefu. Sikumfuata.

Miaka 8 nayo hurudisha mwezi karibu na mahali pake, ikikosea kwa siku moja au mbili. Mume wangu alizaliwa 12 Agosti 2018, siku moja baada ya mwezi giza. Tarehe 12 Agosti 2026, anapotimiza 8, ni mwezi giza tena. Siku hiyo ni Jumatano, siku ya shule, kwa hiyo keki itakatwa jioni. Jumamosi tarehe 15 bado ni bamvua, nayo itakupwa kama saa sita mchana. Tutafika saa nne na nusu, na kofia. Ndoo ameshaiosha.