Anafilaksia ni nini?

Mtoto amekula kashata ya karanga. Dakika kumi hazijapita, midomo imevimba, mwili umetoka mabaka yanayowasha, sauti imekauka, anakohoa mfululizo, kisha anatapika na kulegea. Hiyo ndiyo anafilaksia: mzio, au aleji kama wengi tunavyoita, usioishia kwenye ngozi. Kinga ya mwili imekiona chakula kama adui na kumwaga kemikali kama histamini. Njia za hewa zinabana, mishipa ya damu inatanuka, presha inashuka.

Kwa watoto chanzo mara nyingi ni chakula: karanga, korosho, mayai, maziwa ya ng'ombe, samaki, kamba. Nyuki na dawa kama penisilini nazo zimo. Mabaka si lazima yatokee. Mtoto mwenye mzio unaojulikana akianza ghafla kupumua kwa mluzi baada ya kula, usisubiri ngozi ikuthibitishie.

Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kipimo ni miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, hivyo mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 0.15. Asipopata nafuu, hurudiwa baada ya dakika 5. Piriton hupunguza muwasho. Haifungui koo wala haipandishi presha. Nalisisitiza hili kwa sababu nyumbani ndiyo hukimbiliwa, pamoja na maziwa ya "kukata sumu". Maziwa yenyewe huenda ndiyo chanzo, na mtoto anayehangaikia pumzi akinyweshwa atapaliwa.

Mlaze chali, miguu iinuliwe. Anayebanwa kifua aketi. Anayetapika au aliyezimia alazwe ubavu. Usimsimamishe wala kumtembeza, hata akisema amepata nafuu, maana damu hushukia miguuni na moyo ukakosa cha kusukuma. Mtoto mchanga naye asibebwe wima begani.

Kalamu ya adrenalini, yaani sindano iliyokwisha kujazwa dawa, ambayo wazazi wa nchi tajiri hutembea nayo ni adimu kwetu, lakini kichupa cha kawaida kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa hiyo kimbilia kituo cha karibu chenye adrenalini, usiipite zahanati ukitafuta hospitali kubwa ya mbali. Akitulia, abaki kwenye uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi. Na kabla hajarejea shuleni, mwalimu wake na mpishi wakijue chakula hicho kwa jina.