Skolashipu ya mtoto mwenye ulemavu: soma ukurasa wa tatu kabla ya kutia saini

Mama mmoja Mkongomani anayeishi hapa Columbus, Ohio, alikuja kwangu Jumamosi moja mchana akiwa na bahasha ya karatasi alizopewa na shule binafsi aliyokwenda kuitazama pamoja na mwanawe wa miaka tisa, ambaye ana usonji. Alikuwa amekwisha kuamua. Alichotaka kwangu ni nusu saa ya kumjazia fomu, kwa sababu maelezo yote yalikuwa kwa Kiingereza. Nilipofika ukurasa wa tatu nilikuta aya ya mistari minne, iliyosema kwamba mzazi anayepokea skolashipu hii, yaani fedha za jimbo za kumlipia mtoto wake shule binafsi, anaelewa kuwa wilaya ya shule ya mahali anapoishi haitawajibika tena kumpa mtoto wake elimu ya bure inayomfaa kwa mujibu wa sheria ya shirikisho. Nilimsomea kwa Kiswahili, polepole, mara mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa mwalimu, mambo yakiharibika, ni nani atajibu?"

Nimekuwa katika elimu maalumu kwa miaka kumi na minne, kwanza nikiwa mwalimu wa darasa na sasa nikiwa mshauri wa wazazi, wengi wao wakiwa wanazungumza Kiswahili, na sijawahi kusikia swali lililogonga ndipo kuliko hilo. Makala haya ni jibu langu kwake, nikilieleza kwa urefu ambao siku ile hatukuwa na muda nao.

Haki anayoiacha mzazi ilipatikana kwa taabu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, shule za umma katika majimbo mengi ya Marekani ziliweza kumkatalia mlangoni mtoto mwenye ulemavu, na sheria ikakaa kimya. Wazazi walikwenda mahakamani huko Pennsylvania na Washington, wakashinda, na mwaka 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, ambayo tangu 1990 inajulikana kwa kifupi chake, IDEA. Kwa sheria hiyo, mtoto mwenye ulemavu anayehitaji elimu maalumu, kuanzia umri wa miaka 3 hadi 21, anadai elimu inayomfaa bila familia kulipa hata senti moja, na anaidai kwa maandishi. Maandishi hayo ndiyo IEP, mpango wa elimu wa mtoto binafsi, ambao mzazi hukaa mezani kuuandika pamoja na walimu na wataalamu. Shule inapaswa kuleta mkalimani katika mkutano huo iwapo mzazi hazungumzi Kiingereza, na notisi za mabadiliko zinapaswa kumfikia katika lugha yake, isipokuwa pale ambapo jambo hilo haliwezekani kabisa. Wazazi wengi wa kwetu hawajui hata hili, wanakwenda na mtoto mkubwa wa nyumbani awatafsirie habari za mdogo wake, jambo ambalo ni mzigo mzito mno kwa msichana wa miaka kumi na mitatu.

Ninapoisoma IEP huenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa huduma. IEP ya mtoto yule ilisema dakika 30 za tiba ya matamshi, mara mbili kwa wiki, kwa mtaalamu mwenye leseni, nje ya darasa. Lengo lake mojawapo lilikuwa kwamba ataomba maji au mapumziko kwa kutumia kadi za picha, mara 8 kati ya 10, bila kukumbushwa. Mtu asiyezoea anaweza kuona ni mambo madogo, lakini kila namba katika mstari huo ni deni. Dakika zisipotolewa, mzazi anaweza kulalamika kwa idara ya elimu ya jimbo au kufungua shauri mbele ya msikilizaji asiye na upande, na wilaya inaweza kuamriwa kufidia huduma zilizopotea. Mwaka 2017, katika kesi ya Endrew F. iliyotoka Colorado na iliyohusu mtoto mwenye usonji, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwa kauli moja kwamba IEP lazima ipangwe ili mtoto apige hatua zinazolingana na hali yake, si vijihatua vya kuridhisha karatasi.

Sasa skolashipu yenyewe. Jimbo la Florida lilianza mwaka 1999, kwa mpango uliopewa jina la John McKay, seneta aliyekuja kuwa rais wa Seneti ya jimbo hilo, ambaye binti yake alikuwa na ulemavu, na mwaka 2022 mpango huo ukaunganishwa na mwingine mkubwa zaidi. Arizona ilianzisha mwaka 2011 akaunti ambayo jimbo huitilia fedha na mzazi akazitumia kwa ada, mwalimu wa ziada, tiba au vifaa. Hapa Ohio tuna mipango miwili: ule wa watoto wenye usonji, uliopitishwa mwaka 2003, na ule unaoitwa kwa jina la Jon Peterson, uliopitishwa mwaka 2011 kwa watoto wenye ulemavu wa aina zote, ambao kiasi cha fedha hutegemea kundi la ulemavu, na makundi ni sita. Kwa hiyo aina ya ulemavu iliyoandikwa kwenye ripoti ya tathmini inagusa mfuko moja kwa moja: mtoto aliyeandikwa kuwa na tatizo la matamshi peke yake yumo katika kundi la chini kabisa, na mwenye usonji katika kundi la juu. Mzazi anayeona kwamba ripoti haimwelezi mtoto wake sawasawa anapaswa kulisema hilo kwanza, kabla ya kuzungumza na shule yoyote binafsi.

Nasema wazi kwamba fedha hizi zimewasaidia watoto ninaowafahamu. Nimemwona msichana mwenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma, aliyekuwa akitapika asubuhi za shule akaanza kusoma katika darasa la watoto saba, na mvulana asiyesema aliyepata mtaalamu ambaye wilaya yake haikuwa naye. Anayewaambia wazazi wasiziguse kabisa skolashipu hizi hajakaa na mama ambaye mtoto wake anarudi nyumbani kila siku na alama za kucha mkononi alizojitia mwenyewe. Ninachokipinga ni saini inayotiwa bila mtu kujua anaachia nini.

Kisheria, mzazi anayempeleka mtoto shule binafsi kwa skolashipu anahesabiwa kuwa amemhamisha kwa hiari yake, na mtoto aliyehamishwa kwa hiari hana tena haki yake binafsi ya kudai huduma zote ambazo angezipata katika shule ya umma. Mwaka 2017 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali ya Marekani ilichunguza mipango hii na kukuta kwamba asilimia 83 ya wanafunzi waliokuwa katika mipango iliyoundwa mahsusi kwa watoto wenye ulemavu walikuwa katika mipango ambayo ama haikuwapa wazazi habari yoyote kuhusu mabadiliko ya haki zao chini ya IDEA, ama ilitoa habari zenye makosa. Hawa ni wazazi wa Marekani nzima, na wengi wao Kiingereza ndiyo lugha waliyozaliwa nayo. Mzazi aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, yuko wapi katika hesabu hiyo?

Tofauti hujitokeza zaidi katika nidhamu. Katika shule ya umma, mtoto mwenye IEP hawezi kuondolewa kwa zaidi ya siku 10 za masomo kama adhabu mpaka kikao kikae na kuuliza iwapo kosa lenyewe limetokana na ulemavu wake, au na shule kushindwa kutekeleza IEP. Jibu likiwa ndiyo, kwa kawaida mtoto anarudi darasani na shule inalazimika kushughulikia chanzo cha tabia hiyo. Katika shule binafsi aliyoingia kwa skolashipu, kikao hicho hakipo. Kuna mkataba wa uandikishaji, na mikataba mingi inaipa shule uhuru wa kusema kwamba mtoto huyu hatumwezi. Nilishuhudia jambo hilo mwaka wangu wa tatu katika kazi hii, katika shule ambayo siitaji jina: baba alipigiwa simu saa nne asubuhi, mwezi wa pili, akaambiwa aje amchukue mwanawe na begi lake, na kwamba nafasi yake haipo tena. Alikuja akiwa bado na sare ya ghala anakofanya kazi. Mtoto alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi, amevaa koti, kofia na glavu, ameshikilia mfuko wa karatasi uliokuwa na kadi zake za picha. Baba aliniuliza tuanzie wapi kulalamika. Nilisoma mkataba wote, nami sikupata pa kuanzia.

Zipo sheria nyingine zinazopinga ubaguzi, lakini hazizibi pengo hilo. Ile ya mwaka 1990 kuhusu Wamarekani wenye ulemavu inazibana shule binafsi, ila imeziacha nje shule zinazoendeshwa na taasisi za dini, na shule binafsi nyingi nchini humu ni za dini. Ile ya mwaka 1973 inaigusa shule inayopokea fedha za serikali ya shirikisho, na hata hapo shule binafsi inatakiwa kufanya marekebisho madogo tu.

Ohio ina jambo moja la thamani: hata mtoto akiwa shule binafsi kwa skolashipu, wilaya anakoishi inaendelea kuandika IEP yake, kuipitia kila mwaka na kumfanyia tathmini kila baada ya miaka mitatu. Shule binafsi au mtoa huduma ndiye anayeitekeleza. Lakini ili skolashipu itolewe, IEP hiyo lazima iwe imekamilika na pande zote, mzazi akiwamo, ziwe zimekubaliana nayo. Hapa ndipo haraka inapowaponza watu. Mzazi mwenye hamu ya kuondoka huikubali IEP dhaifu ili fomu ipite, akidhani kwamba karatasi ya shule anayoihama haina kazi tena, kumbe hiyo hiyo ndiyo itakayokuwa mwongozo wa shule anayoiendea, na ndiyo kumbukumbu ya kile ambacho yeye mwenyewe alikubali kuwa kinamtosha mtoto. Haraka haraka haina baraka, na katika ofisi za elimu maalumu nimeona methali hiyo ikitimia zaidi ya mara moja.

Kuna njia ya pili ambayo wazazi karibu wote wanaonijia hawajawahi kuisikia. Ikiwa shule ya umma imeshindwa kumpa mtoto elimu inayomfaa, mzazi anaweza kumhamishia shule binafsi kisha akadai wilaya imrudishie gharama. Mahakama Kuu ilikubali hivyo mwaka 1985 katika kesi ya Burlington, na mwaka 1993 katika kesi ya Carter ikaongeza kwamba shule hiyo binafsi hailazimiki kuwa imeidhinishwa na jimbo. Mzazi wa namna hii anakwenda kudai haki yake, hajaiachia. Njia hii ni ngumu: inahitaji ushahidi, mara nyingi mwanasheria, na fedha za kutangulia. Tena mzazi asipotoa taarifa, ama katika mkutano wa mwisho wa IEP ama kwa maandishi siku 10 za kazi kabla ya kumtoa mtoto, fidia inaweza kupunguzwa au kukataliwa. Kwa familia nyingi skolashipu itabaki kuwa njia nyepesi zaidi. Hata hivyo, familia yenye malalamiko mazito dhidi ya wilaya inapaswa kuzungumza na mwanasheria wa elimu kabla ya kusema kwamba IEP imewaridhisha, na zipo ofisi za msaada wa sheria ambazo hazitozi chochote.

Kwa anayekwenda kuitembelea shule, ninashauri aulize nani hasa atatoa tiba iliyoandikwa kwenye IEP, ana leseni gani, na atakuwapo shuleni siku zipi. Aulize iwapo ada inazidi skolashipu, na nani analipa kinachozidi, kwa sababu familia inaweza kujikuta inadaiwa tofauti hiyo. Aulize usafiri. Aulize ni wanafunzi wangapi wenye ulemavu kama wa mwanawe walioondoka katikati ya mwaka uliopita na kwa sababu gani, na hapo aangalie uso wa anayejibu. Majibu ya ada na ya tiba ayapate kwa maandishi.

Shule ya umma, kwa upande wake, haiwezi kumfungia mlango mtoto anayerudi. Siku atakapoandikishwa tena, haki zake zote za IDEA zinarudi pamoja naye. Zile wiki alizokaa nyumbani akisubiri ndizo zisizorudi, na kwa mtoto mwenye usonji ambaye siku yake imejengwa juu ya ratiba, wiki sita za kukaa nyumbani zinaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

Yule mama hakutia saini Jumamosi ile. Tuliandika barua ya kuomba mkutano wa IEP na mkalimani wa Kiswahili, na katika mkutano ule, uliochukua karibu saa mbili, tiba ya matamshi iliongezwa kutoka mara mbili hadi mara tatu kwa wiki, na lengo la kuomba mapumziko likaandikwa upya ili lihusu mchezoni na chakulani pia. Alirudi tena kuitazama shule, safari hii akiwa na maswali yake kwenye daftari, na akapata majibu mawili kwa barua yenye saini ya mkuu wa shule. Mwezi wa nane mtoto alianza huko kwa skolashipu. Nakala ya IEP na barua ile zimo katika faili la plastiki juu ya friji lake, na mkutano wa mapitio ya mwaka umepangwa kufanyika mwezi wa tatu. Mkalimani amekwisha kuombwa.