Hivi wajua mwezi uliwahi kufanya kazi ya setilaiti?

Enzi hizo setilaiti hazijarushwa bado, wanamaji wa Marekani wakitaka kuongea na kambi zao za mbali walitegemea masafa mafupi, yaani yale mawimbi ya redio yanayopanda juu yanadunda kwenye tabaka la ionosfia halafu yanashukia upande mwingine wa dunia. Sasa jua likichafuka tu, ionosfia inavurugika, unabaki na mikwaruzo. Ukisema upandishe frikwensi (yaani mitetemo ya wimbi kwa sekunde) ndo mbaya zaidi, mawimbi hayadundi, yanapenya yanaenda zake angani moja kwa moja.

Si ndo watu wakawaza, kama yanaenda huko si yakagonge mwezi yarudi?

Jeshi la nchi kavu lilijaribu kwanza, New Jersey, 10 Januari 1946, chini ya John DeWitt. Antena yao ya rada haikuweza kuinuliwa kwenda juu, inazunguka pembeni tu, kwa hiyo ikabidi wausubiri mwezi unapochomoza. Wakarusha mpigo wa megahezi 111.5. Kimya. Baada ya sekunde kama mbili na nusu, kamstari kwenye skrini kakaruka. Mwangwi huo! Piga hesabu mwenyewe: kwenda kilomita 384,000 hivi, kurudi hivyohivyo, na redio inakata 300,000 kwa sekunde.

Shida ni kwamba mwezi sio kioo, kile kidogo kinachoufikia unarudisha kama asilimia 7 tu, kwa hiyo lazima uwe na antena kubwa na mtambo wenye nguvu kwelikweli. Wanamaji wakakomaa nao hivyohivyo, mwaka 1954 mtaalamu wao James Trexler akaongea kwenye maiki na sauti yake ikamrudia toka mwezini, na kufika 1960 Washington na Hawaii wanatumiana mpaka picha, mojawapo mabaharia wamejipanga juu ya meli wakaandika MOON RELAY kwa miili yao (raha hizo).

Ila mwezi lazima uonekane kwenu wote wawili, ukizama kwa mwenzio mazungumzo yameishia hapo. Setilaiti zilipokuja jeshi likaachana nao. Wapenzi wa redio, wale wanaorusha mawasiliano kwa mitambo yao wenyewe kama burudani, ndo hawajauacha mpaka leo, tena Joe Taylor, huyo wa Nobel ya fizikia 1993, aliwatengenezea programu inayochambua mawimbi dhaifu kiasi kwamba sikio lako halisikii chochote zaidi ya mvumo.