"Sawa" ya Kijerumani si neno moja

"Sawa" yetu hubeba mizigo mingi: kukiri jambo ni kweli, kukubali mpango, kuonyesha umeelewa. Kijerumani cha kila siku kimeigawa kazi hiyo, na wengi hukwama kwa kutafuta neno moja la kuziba pengo lote.

Mtu akisema jambo la kweli, jibu ni *stimmt* (tamka "shtimt"). "Leo baridi kali." "Stimmt." Akilenga hasa ulichokuwa unafikiria, *genau*. Neno hili Wajerumani hulipachika hata katikati ya maelezo yao wenyewe, kama sisi na "yaani", kwa hiyo usilipe uzito kila ulisikiapo. Angalia pia *stimmt so* mezani mgahawani: bili ni euro 18.50, umetoa noti ya 20, ukatamka hivyo, basi chenji umemwachia mhudumu. Usiitamke ukiwa na noti ya 50.

Mpango hauitikiwi kwa *stimmt*. Mtu akikuuliza kama mkutane saa moja jioni nawe ukajibu hivyo, atabaki akijiuliza kilicho kweli ni kipi. Sema *passt*, yaani inanifaa (Bavaria na Austria utalisikia mno), au *geht klar*; ukifurahia, sema *gerne*. Ila sikiliza saa yenyewe: *halb sieben* ni saa kumi na mbili na nusu, wala si saa moja na nusu.

Ukielekezwa njia au kazi, *alles klar* yatosha.

*Meinetwegen* na *von mir aus* ni kukubali kwa shingo upande. Mwenyeji akikukaribisha chakula ukamjibu *meinetwegen*, umemwambia unakula kwa kumsitiri tu.

Panapotatiza zaidi ni swali lenye kanushi. "Huna njaa?" Kwetu mtu hujibu "Ndiyo, sina," akikubaliana na muulizaji. Mjerumani hutazama tumbo, si maneno ya muulizaji: *Hast du keinen Hunger?* Kama huna, jibu *nein* (hapana). Kama unayo, jibu *doch*, neno la kupindua kanushi: "ninayo, bwana". Ukisema *ja* (ndiyo) peke yake, mwenyeji atasimama na sahani mkononi, hajui akupakulie au airudishe kabatini.